Jarl Elisif na Mwana Azura: uzoefu wangu wa vyeo katika Skyrim

Kwa zaidi ya miaka mitatu nimekuwa nikicheza Skyrim, mchezo wa video uliotolewa na kampuni ya Bethesda mwezi Novemba 2011, nikitumia toleo lake maalumu la mwaka 2016, na mara nyingi mpwa wangu wa miaka tisa huwa ameketi ubavuni mwangu. Kwa kuwa mchezo huo hauna Kiswahili, mimi ndiye ninayemsomea maneno yanayopita chini ya skrini, nikiyafasiri papo kwa papo. Kazi hiyo ndiyo iliyonifanya nivitazame vyeo vya wahusika kwa makini, na ndivyo ninavyovipima hapa.

Nchi ya Skyrim ina majimbo tisa, na kila jimbo lina mtawala wake aitwaye jarl. Mchezo unapoanza, watatu kati ya hao tisa ni wanawake: Elisif wa Solitude, Laila wa Riften na Idgrod wa Morthal. Wote huitwa jarl, sawasawa na wenzao wanaume. Uamuzi huo ni wa kupongezwa, kwa sababu katika historia ya Skandinavia cheo hicho kilishikwa na wanaume, na hata ndugu yake wa Kiingereza, "earl", hana umbo la kike hadi leo, kiasi kwamba mke wa "earl" huitwa "countess", neno lililotoka Kifaransa. Hali ni hiyohiyo kwa cheo cha thane, ambacho ni cheo cha heshima anachotoa jarl. Ukishakitunukiwa pale Whiterun, unamkuta Lydia, mlinzi wako mpya, akikungoja ndani ya jumba la Dragonsreach, naye atakuita "thane wangu" uwe umechagua mhusika mwanamume au mwanamke. Sisi tunaosema sheha, diwani na waziri bila kuuliza jinsia ya mwenye cheo hatuoni ugeni wowote hapo, na kufasiri sehemu hizo kulikuwa kwepesi.

Nilikwama kwa Azura, kiumbe mwenye nguvu za kimungu anayeabudiwa na baadhi ya wahusika. Sanamu yake kubwa imesimama juu ya mlima kusini mwa Winterhold, katikati ya theluji, imeinua mikono yote miwili, mmoja umeshika nyota na mwingine mwezi. Sauti inayosikika ni ya mwanamke, na kuhani wake, Aranea, humtaja kama mwanamke. Hata hivyo Azura, pamoja na Meridia na Nocturnal, huhesabiwa miongoni mwa viumbe wa aina hiyo wanaoitwa "Daedric Princes", na "prince" kwa Kiingereza kwa kawaida ni mwanamume. Nilipotamka "mwana wa mfalme", mpwa wangu alinikatiza: "Mjomba, si huyu ni mwanamke?" Nilisimamisha mchezo nikafikiri. Neno "mwana" lenyewe halisemi kama mtoto ni wa kiume au wa kike, na katika visiwa vya Lamu na Pate lilitangulizwa mbele ya majina ya wanawake wenye hadhi, kama Mwana Khadija aliyetawala Pate katika karne ya 18 na Mwana Kupona, mshairi wa karne ya 19. Tangu jioni ile nyumbani kwetu anaitwa Mwana Azura, na ninaamini jina hilo linamkaa vizuri kuliko lile alilopewa na Kiingereza. Kwa Boethiah, mwingine wa kundi hilo, ambaye husimuliwa mara kama mwanamume na mara kama mwanamke, nalitumia neno hilohilo kwa maana yake pana ya mtoto wa ukoo wa kifalme, na maana haipotei.

Kuhusu Mara, Dibella na Kynareth, mwanzoni nilikuwa nikisema "mungu wa kike" kila walipotajwa. Nimeacha. Jina na kazi ya kila mmoja vinatosha kumtambulisha, na hatuna desturi ya kusema "mungu wa kiume" kwa Talos.

Lawama yangu ni juu ya majina ya sifa. Balgruuf wa Whiterun anaitwa Mkuu, na Laila anaitwa Mtoa Sheria, jina linalotokana na kazi ya kutawala. Lakini Elisif, mjane aliyeachiwa kiti na mumewe aliyeuawa, anaitwa Mzuri, na jina la Idgrod limebeba neno la Kiingereza lenye maana ya ajuza. Cheo kimewatendea haki, kisha jina la sifa linaturudisha kwenye sura na umri wao, mambo ambayo hakuna anayeyauliza kwa Balgruuf. Ninapomsomea mpwa wangu nasema "Jarl Elisif" na kuishia hapo.

Ninaupa mchezo huu nyota nne kati ya tano, na ninaupendekeza kwa yeyote atakayeucheza pamoja na mtoto anayeuliza maswali. Nyota ya tano nimeizuia kwa ajili ya Elisif na Idgrod.