Miaka sita na Reaper na FL Studio: sura nzuri inaponisaidia na inaponichelewesha

Studio yangu iko Kisauni, Mombasa. Ni chumba kimoja chenye magodoro ukutani, na laptopu yenye skrini ya nukta 1366 kwa 768. Wateja wangu wengi ni kwaya za makanisa, vikundi vya taarab vya harusini na vijana wanaotaka biti. Kwa miaka sita nimetungia kwenye FL Studio na kurekodi na kumiksi kwenye Reaper, zote mbili programu za kompyuta za kutengenezea muziki, pamoja na plagini nyingi (programu ndogo zinazofunguliwa ndani yake kubadilisha sauti), za kununua na za bure. Kila wiki kuna kijana ananiuliza anunue ipi, na mara nyingi anakuja akiwa ameshapendezwa na picha ya uso wa programu aliyoiona kwenye video fulani. Haya ndiyo niliyojifunza kuhusu hizo picha.

Nianze na kompresa, plagini ya kubana sauti inapopanda mno, ambayo jina lake sitalitaja. Niliipenda kwa macho kabla ya masikio. Uso wake ni mbao iliyong'arishwa, skrubu nne za shaba kwenye pembe, na katikati saa kubwa yenye sindano na mwanga wa manjano nyuma yake. Inafanana na mashine za studio za zamani ambazo wengi wetu hatutazigusa maishani. Nikailipia. Nilipoifungua, ikameza theluthi mbili za skrini, na hakuna njia ya kuipunguza. Maandishi ni ya kahawia juu ya weusi; mchana dirisha likiwa wazi huyasomi mpaka usogeze uso. Nobu zina namba kutoka 1 mpaka 10, na hakuna mahali panapoeleza hiyo 1 ni nini.

Jioni moja nilikuwa namrekodi bibi mmoja mwimbaji wa taarab, mtu mzima, sauti ya miaka mingi. Akaniambia, "Mwanangu, hebu nipandishie kidogo nijisikie." Nikashika nobu ya sauti inayotoka kwenye plagini ile, maana nilikuwa nimeiweka kwenye njia ya hedifoni zake. Waliotengeneza waliamua kwamba nobu izungushwe kwa kuchora duara na mausi, vile mtu anavyozungusha nobu ya kweli kwa vidole. Tatizo la duara ni hili: mshale ukikaribia katikati yake, mwendo mdogo kabisa wa mkono unageuka kuwa mzunguko mkubwa wa nobu. Ikaruka kutoka 3 hadi 10. Bibi akazivua hedifoni kwa mikono miwili na kushika sikio. "Umeniumiza, mwanangu." Nikamwomba radhi, tukapumzika, tukanywa chai. Lakini jioni ile sauti haikurudi. Kila nilipogusa mausi alikuwa akiinua mkono kuzisogeza hedifoni, na mtu anayejilinda haimbi kwa moyo wote.

Nobu nyingi za programu za leo huendeshwa kwa kuvuta mausi juu au chini kwa mstari ulionyooka, na kuna kitufe cha kibodi unachobonyeza ili mwendo uwe wa polepole. Ukibofya mara mbili, nobu inarudi pale ilipoanzia. Hakuna mashine ya mbao na shaba inayofanya hivyo. Hizo ni nguvu za kompyuta yenyewe, na mchoraji aliyeng'ang'ania duara alizitupa ili picha yake isivunjike.

Ile sindano nayo ikanidanganya siku nyingine, kwenye ngoma. Mita ya aina ya VU, yaani ya sindano inayoonyesha wastani wa sauti, huchukua kama milisekunde 300 kufika kwenye kipimo chake. Kwa sauti ya mtu inapendeza, inapanda na kushuka kama pumzi. Lakini pigo la chapuo limekwisha kabla sindano haijaamka. Niliitazama ikicheza taratibu, nikaridhika, nikatoa faili. Kesho yake nilipokuza mawimbi nikaona vilele vimekatwa bapa, kimoja baada ya kingine. Nilikuwa na mita nyingine za kutazama kwenye Reaper, zenye namba nyekundu zinazobaki pale zikishapita sifuri, kikomo cha sauti, ila nilikuwa nimezifunika. Kompresa ilikuwa imekaa juu yake.

Msidhani basi kwamba nachukia picha za mashine. Nilijifunza njia ya sauti kutokana na picha kama hiyo. Reason, programu ya muziki ya Waswidi wa Propellerhead iliyotoka mwaka 2000, ina kabati la mashine zilizopangwa juu kwa chini. Ukibonyeza kitufe cha Tab, kabati lote linageuka na unaona mgongo wake, waya zikining'inia na kuyumba. Unachomoa waya hapa, unachomeka pale, na sauti inabadilika. Nilikuwa nimesoma mara ngapi kwamba mawimbi yanatoka kwenye chombo, yanapita kwenye efekti, yanaingia kwenye miksa? Haikuniingia mpaka nilipoivuta ile waya mwenyewe. Yule aliyeichora ile waya alikuwa anaonyesha kitu ambacho kweli kinatokea ndani ya programu. Skrubu za shaba hazionyeshi chochote.

Sasa FL Studio. Ilianza 1997 kwa jina FruityLoops, kazi ya kampuni ya Ubelgiji, na vijana wengi wanaoniletea biti hapa Kisauni wameanzia hapo hapo. Sababu naielewa. Unaifungua na vibonye 16 viko mbele yako, vimepakwa rangi mbili kwa mafungu ya vinne vinne. Mtoto asiyejua kusoma nota anaweka kiki, ngoma nzito ya chini, kwenye kibonye cha kwanza cha kila fungu na tayari ana mdundo. Rangi peke yake imemfundisha kuhesabu, na hiyo kwangu ni sifa kubwa. Na tangu toleo la 12 la mwaka 2015, uso wake umechorwa kwa vekta, kwa hiyo unaukuza au kuupunguza bila herufi kuingia ukungu. Kwenye skrini ndogo kama yangu hilo lina thamani kuliko mbao yoyote.

Lakini rangi hizo hizo zina nguvu ambayo sikuitambua kwa muda mrefu. Chakacha, ngoma yetu ya pwani, haihesabiwi nne nne. Inakwenda kwa sita, msondo na vumi zikivutana, tatu juu ya mbili. Nilikuwa nikitunga chakacha kwenye vibonye vile na kila mara inanitokea imenyooka, kama gwaride. Nikadhani kosa ni la sauti za ngoma nilizokuwa nazo, nikatafuta nyingine, nikarekodi zangu mwenyewe. Kumbe jicho langu ndilo lililokuwa likivuta pigo kwenda pale rangi inapobadilika. Mkono unafuata jicho kuliko tunavyokubali. Siku niliyoacha vibonye nikahamia kwenye piano roli, gridi ya kuandikia nota, nikaweka mvuto wa gridi kwenye theluthi ya pigo, mistari ikajipanga tatu tatu na ndani ya nusu saa ngoma ilikuwa inatembea kiunoni. Tangu toleo la 20, la 2018, unaweza pia kubadilisha kipimo cha wimbo, hata katikati ya wimbo wenyewe. Zana zote zipo. Ila kinachokaribisha mtu mlangoni ni zile nne nne, na nawaomba vijana wa pwani wanaoanza wasikubali zile rangi ziwaamulie mdundo wa nyumbani kwao.

Reaper ni hadithi nyingine. Inatengenezwa na Cockos, kampuni ya Justin Frankel, yule aliyetengeneza Winamp, programu ya kuchezea muziki. Waliopita saiba enzi zile wanakumbuka tulivyokuwa tukibadilisha sura za Winamp kila siku, na Reaper nayo inakuruhusu kuibadilisha karibu yote: rangi, ukubwa wa traki, vibonye vipi vionekane na vipi vifichwe. Ukiifungua mara ya kwanza imepoa, kijivu juu ya kijivu, na menyu zake ni ndefu mno. Vijana wawili niliokuwa nawafundisha waliitazama na kuniuliza kama hii ndiyo ya kazi kweli. Sikuwalaumu. Mtu anayekaa mbele ya kitu saa nane ana haki ya kutaka kipendeze macho. Nikatumia wikiendi nzima kuipanga: sauti za watu rangi ya machungwa, ngoma buluu, vinanda na udi zambarau, majina kwa herufi kubwa. Nyekundu na kijani niliziepuka makusudi kwa sababu msaidizi wangu hazitofautishi. Menyu ninazozitumia kila siku nikazigeuza vibonye kumi na viwili tu juu ya skrini. Baada ya hapo ndipo wale vijana walipokaa wakajifunza.

Aliyenifungua macho hasa ni mtu asiyeona. Ni mwalimu wa kinanda, anapanga muziki wa taarab na anafanya kazi kwenye Reaper akitumia NVDA, kisoma skrini cha bure kinachotamka kilichoandikwa kwenye skrini, pamoja na nyongeza ya bure inayoitwa OSARA iliyotengenezwa ili wasioona waweze kuitumia Reaper. Alikuja tumiksi kazi moja pamoja. Vidole vyake vilikuwa vinapita kwenye kibodi, kompyuta inamsomea kwa kasi ambayo mimi sishiki neno. Tukafika kwenye sauti ya mwimbaji. Nikamwambia, "Mwalimu, kompresa nimeiweka kwenye saba."

"Saba gani?"

"Saba, Mwalimu. Nobu iko kwenye saba."

"Nakusikia. Nakuuliza saba ya nini. Desibeli? Milisekunde?"

Nilitazama ile mbao, shaba na sindano, na jibu halikuwemo. Akaomba kibodi. Kwenye uso wenyewe wa plagini kisoma skrini hakikusema kitu, kwani kwake pale hapana nobu, pana picha tu. Akabonyeza herufi, OSARA ikamfungulia orodha ya vipimo vya plagini ile, na kompyuta ikaanza kusoma: jina la kila nobu na thamani yake, kwa desibeli, kwa milisekunde. Saba yangu ilikuwa imekandamiza sauti ya yule dada karibu mara mbili ya nilivyokuwa nadhani. Alirudisha nyuma kidogo, akasikiliza, akarudisha tena. "Hapo anapumua," akasema. Na kweli, pumzi zilisikika.

Wanaoona wana njia fupi zaidi. Kwenye dirisha la plagini ndani ya Reaper kuna kibonye kidogo kilichoandikwa UI. Ukikibonyeza, sura yote ya plagini inaondoka na zinabaki feda za kawaida, yaani vitelezi, zenye majina na namba. Nilikuwa nimekiona miaka yote bila kujua kina kazi gani. Wiki ile nilimiksi albamu nzima ya kwaya kwa feda tupu. Kwa kompresa ilikuwa nafuu kubwa. Kwa rivabu, plagini ya mwangwi, yenye vipimo zaidi ya thelathini ilikuwa mateso: orodha ndefu isiyo na mpangilio, unatafuta kimoja ukipita vingine ishirini. Hapo nikamkumbuka mchoraji kwa heshima. Kuweka pamoja vitu vinavyofanya kazi pamoja, kukifanya kikubwa kinachoguswa mara nyingi na kidogo kinachoguswa mara chache, hiyo ni kazi ngumu na ndiyo urembo ninaokubali kuulipia.

Mfano ninaoutumia kila siku ni Pro-Q ya FabFilter, Waholanzi wa Amsterdam. Ni ikwalaiza, zana ya kupandisha au kushusha sehemu za sauti, kutoka besi hadi za juu. Huoni mbao hata kidogo. Unaona mawimbi ya sauti yenyewe yakitembea, na mstari unaoukunja kwa kushika nukta moja. Ukivuta nukta kwenda juu, sehemu ile inapanda. Kushoto, inakwenda kwenye besi. Dirisha unalikuza upendavyo. Inapendeza, na kila kinachopendeza pale kinakwambia jambo kuhusu sauti. Ila hata hapo nina tahadhari: najikuta nalainisha vilima ninavyoviona ilhali sikio halikulalamika. Siku hizi naanza nimefumba macho, natafuta kinachoniudhi, kisha ndipo natazama.

Yule bibi alirudi. Nilikuwa nimeshaitoa kompresa kwenye njia ya hedifoni zake, nikaweka limita, kizuizi cha sauti isipite kiwango, na feda moja ya Reaper inayotembea kwa mstari. Nikamwonyesha kabla hajavaa: "Bibi, hii haiwezi kupita hapa." Akaimba mara nne mfululizo, mikono imetulia mapajani.

Kwa anayetaka kununua: FL Studio ina faida moja kubwa, kwamba ukishalipa mara moja unapata matoleo yanayofuata bila malipo mengine. Reaper unaijaribu kwa siku 60, na leseni yake ya bei nafuu ni dola 60 kwa mtu binafsi au biashara ndogo. Plagini nyingi za kulipia nazo zina toleo la majaribio. Lichukue, ufungue mradi ambao kweli unaufanyia kazi, kwenye skrini ile ile utakayoitumia, mchana dirisha likiwa wazi. Shika kila nobu uisogeze kidogo sana. Soma kila neno bila kusogeza uso. Kisha mpe mwimbaji hedifoni.