Uyoga wa kichuguu au mamama, uyoga wa kulimwa kwenye mifuko?

Mi nachagua wa kichuguu bila kufikiria, ule wa mvua za Januari, mguu mrefu umezama mpaka ndani kwa mchwa, ukiuchana una nyuzi kama kuku, ukaange na kitunguu halafu mwagia karanga za kusaga, ugali wa uwele unaisha hujajua. Mamama unaolimwa ndani kwenye mifuko ya mabua ni laini, unatoa maji mengi sufuriani, ila unaupata hata Agosti Dodoma imekauka kabisa na huli kwa wasiwasi. Maana wa porini kuna wenye sumu, hata uchemshe haitoki. Bibi alikuwa anataka aone shina lote kwanza, likiwa na kifuko kama kikombe chini anahofia sumu, anatupa kapu zima, tunabaki na mlenda.