GF 100-200 au GF 250? Nilivyochagua lenzi ndefu ya kupigia mandhari kwenye midiamu fomati

Wadau nianze na jibu kabisa ili mwenye haraka asisumbuke: kama una kamera ya Fujifilm GFX na kazi yako kubwa ni mandhari, chukua GF 100-200mm f/5.6, hiyo GF 250mm f/4 iache kwanza (mm kubwa inavuta mbali zaidi, na namba ya f ni upana wa tundu la kuingizia mwanga, ikiwa ndogo tundu ni kubwa). Najua kuna watu watabisha manake 250 ni lenzi kali kweli kweli na hata mi naikubali, nilikaa nayo ya kuazima muda wa kutosha kabla sijaamua, lakini kwa mandhari nilichagua zumu, yaani hiyo 100-200 inayobadilisha mm, na mwaka wa pili huu sijawahi kujuta.

Kwanza tuelewane kwenye namba manake hapa ndo wengi wanaotoka fulu fremu (kamera zenye sensa ya milimita 36 kwa 24) wanachanganyikiwa. Sensa ya GFX ni milimita 43.8 kwa 32.9, kubwa kuliko fulu fremu, kwa hiyo lenzi ileile inaona upana zaidi, unazidisha kwa 0.79 ndo unapata ulinganisho. Yaani 100-200 inakuwa kama 79 mpaka 158, na 250 inakuwa kama 198. Ukiona hizo namba unasema ah, 158 ndo nini sasa, mi nilizoea 70-200! Ni kweli, inaishia mapema. Ila subiri.

Lenzi ndefu kwenye mandhari inafanya kazi ambayo lenzi pana haiwezi hata siku moja, inachagua. Umesimama mbele ya milima, anga kubwa, bonde kubwa, kila kitu kipo na hakuna kinachoonekana, halafu unaweka 150 au 200 unakuta kule mbali kuna matuta manne yamepangana moja nyuma ya jingine, kila moja limepauka kidogo kuliko la mbele kwa ajili ya ukungu, na hapo kati kuna mstari mmoja wa mwanga. Picha ni ile pale. Sasa shida ni kwamba hiyo picha ina mipaka yake yenyewe, inaanza kwenye ule mti wa kushoto na inaishia pale tuta linapokata, na hiyo mipaka haijali wewe umebeba milimita ngapi. Ukiwa na lenzi fupi unasogea hatua tatu fremu inabadilika. Ukiwa na lenzi ndefu kitu kiko kilomita 10 mbele, hata utembee hatua mia hamna kinachobadilika, na mara nyingi mbele yako ni korongo, huna pa kutembea. Hapo ndo zumu ilinishawishi. Nilipopitia picha zangu za lenzi ndefu nilikuta nyingi ziko kati ya 130 na 180, sehemu ambayo mwenye 250 hana kabisa, anakuwa ameshakata nusu ya mlima.

Na kinyume chake, ukihitaji 250 ukiwa na 200? Unakata picha. Hapa ndo raha ya megapikseli 102 za kamera kama GFX 100S: picha ya 200mm ukiikata ifanane na ya 250 bado unabakiwa na megapikseli kama 65. Ukikata mpaka ifanane na 280 unabakiwa na kama 52, hiyo bado ni printi kubwa ya ukutani bila wasiwasi. Lakini ukiwa na 250 na unataka 150 huwezi kuongeza kitu ambacho hakikuingia kwenye fremu, labda upige vipande uviunganishe, na mawingu yanatembea, majani yanacheza, hiyo kazi si ya kila siku. Mwenye GFX ya megapikseli 51 hesabu yake inabana kidogo, yeye akikata kutoka 200 kwenda 250 anabaki na kama 33, hapo naelewa akiitamani 250.

Kuna ile hoja ya f/4 na f/5.6. Kwa anayepiga watu sawa, stopu moja (mwanga mara mbili) ni mali. Kwa mandhari mi sijui mara ya mwisho nilifungua lenzi yote ilikuwa lini, nakaa f/8 mpaka f/11 muda wote, na f/16 naikwepa manake mwanga ukipita kwenye tundu dogo unasambaa, pikseli za hii sensa ni ndogo, na ulaini unaanza kuonekana wazi. Tena hata f/11 haitoshi wakati mwingine! Watu wanadhani ukipiga mbali kila kitu kiko kwenye fokasi. Piga hesabu: 200mm kwenye f/11, kwa kipimo cha kawaida cha ukali, ili uwe salama mpaka mwisho wa macho inabidi fokasi ukae kama mita 120, na chochote cha karibu kuliko mita 60 kimelainika. Kwa 250 inakuwa karibu mita 190, na ulaini unaanzia mita 95 hivi. Na kwa megapikseli 102 kile kipimo cha kawaida chenyewe ni cha kupendelea. Kwa hiyo ukiwa na miti mbele na mlima nyuma, utapiga fremu mbili tatu zenye fokasi tofauti uzichanganye baadaye, hamna njia ya mkato.

Sasa nije kwenye kitu ambacho natamani mtu angeniambia mapema, mtikisiko. Wiki za mwanzo nilidhani lenzi ni mbovu. Picha kwenye skrini ya kamera zinapendeza, nafika nyumbani nafungua kwa asilimia 100, naangalia mstari wa miti juu ya tuta, kila shina lina mwenzake pembeni, kama limechorwa mara mbili na penseli isiyotulia. Fokasi iko sawa, mwamba wa pembeni una ukali wa upande mmoja tu, juu na chini uko safi ila kulia na kushoto umevutika. Hiyo si lenzi hiyo, ni traipodi. Traipodi niliyokuwa naitumia ilikuwa inanitosha vizuri kwa lenzi ya 32 na 45 na nguzo yake ya katikati nilikuwa naipandisha bila kufikiria, halafu nikawa naning'iniza begi chini kuongeza uzito, upepo ukija begi linabembea na kamera inabembea nalo. Nikaacha yote mawili. Nguzo chini kabisa, begi naliweka ardhini, miguu nafungua mipana, pazia la kwanza la shata naliweka la kielektroniki lisitikise kamera, tima ya sekunde 2, na upepo ukiwa mkali nasubiri utulie hata dakika 20. Kesho yake shina likawa moja.

Kiutulizaji cha ndani ya lenzi (OIS) kipo kwenye zote mbili na zote Fujifilm wanazipa stopu 5. Mkononi kinasaidia sana, nimeshika picha safi za 200mm kwa 1/60 bila traipodi. Ukiwa juu ya traipodi imara mi nakizima, niliona tofauti kwenye shata ndefu.

Hapo hapo kwenye mtikisiko kuna suala la kola ya traipodi, ile pete inayoshika lenzi yenyewe juu ya traipodi. 250 inakuja na kola yake, 100-200 kola inauzwa pembeni. Hili linaniudhi, nalisema wazi, lenzi ya gramu 1050 inayojitokeza mbele ya kamera inahitaji kola, hasa ukipiga fremu ya wima manake bila kola mzigo wote unainamia pembeni na kichwa cha traipodi kinashuka taratibu baada ya kukaza, umepanga mstari wa upeo vizuri unakuta umeshuka kidogo. Ukinunua lenzi, ihesabu na kola humo humo kwenye bajeti, usiseme nitanunua baadaye.

Uzito wenyewe: 250 ni gramu 1425, tofauti ya gramu 375 na zumu. Mezani utacheka, ila ukipanda masaa matatu gizani kuwahi mwanga, na begi lina lenzi nyingine mbili na filta na maji, utazisikia. Filta nazo, zumu inachukua 67mm na 250 inachukua 82mm.

Adui wa mwisho hana dawa kwenye duka lolote, hewa. Mchana jua likishapasha ardhi, mwamba wa kilomita 5 unautazama kwa fokasi ya kukuza unauona unacheza kama uko chini ya maji, kingo zinapanda na kushuka, na kila fremu inatoka na umbo lake. Hapo uwe na 250, uwe na lenzi ya dhahabu, picha italainika tu. Lenzi ndefu ni ya alfajiri na baada ya mvua. Kuna asubuhi moja mvua ilikata usiku, hewa imeoshwa, nikapiga 200mm f/8, nikaja kuhesabu matawi ya mti ulio kilomita kadhaa.

Je 250 haina nafasi? Ina nafasi. Ukali wake kwenye pembe ni wa juu kuliko zumu ikiwa 200, tofauti ndogo lakini ukitafuta utaiona. Na inapokea telekonvata (kipande cha kioo kinachowekwa kati ya lenzi na kamera kuongeza mm) ya 1.4 ikawa 350mm f/5.6, sawa na 277 hivi ya fulu fremu. Zumu nayo inaipokea, inakuwa 140-280 ila f/8, ambayo kwa mandhari si tatizo ukiwa kwenye traipodi. Mtu anayechanganya mandhari na wanyama, au anayependa kuchomoa kilele kimoja tu, huyo 250 itamfaa. Tangu 2024 kuna na 500mm f/5.6 ambayo cha kushangaza ni nyepesi kuliko 250, gramu 1375, lakini hiyo ni safari nyingine.

Bajeti ikibana, lenzi za zamani za Pentax 645 na Pentax 67 zinaingia kwa adapta, zilitengenezwa kwa filamu kubwa kuliko hii sensa kwa hiyo unatumia sehemu ya katikati ambayo ndo nzuri. Fokasi ya mkono, kiutulizaji cha lenzi hamna, na ukipiga kuelekea jua utofauti wa giza na mwanga unashuka. Kwa mandhari tulivu ni chaguo la heshima kabisa. Upande wa Hasselblad X, kamera nyingine za midiamu fomati, kuna lenzi ya XCD 135mm f/2.8 inayowekewa konvata ya 1.7 ikawa 230mm f/4.8, na shata yake iko ndani ya lenzi, mtikisiko mdogo.

Ukipata nafasi ya kuazima kabla ya kununua, usijaribie dirishani. Ipeleke juu ya kilima na traipodi yako mwenyewe, piga wima, piga kwenye upepo, urudi uangalie shina la mti kwa asilimia 100. Ukikuta mashina mawili, nunua traipodi kwanza.