Anime: miaka 16 ya kuipenda na kugombana nayo

Likizo ya Desemba iliyopita mpwa wangu alikuja kukaa kwangu Morogoro. Ana miaka kumi na minne, ni kiziwi tangu utotoni, anasoma shule ya bweni. Tukiwa wawili tunaongea kwa lugha ya alama, yeye haraka, mimi polepole. Jioni moja umeme ulikatika, kompyuta ilikuwa bado na chaji, nikamwekea Koe no Katachi, yaani Umbo la Sauti, filamu ya michoro ya studio ya Kyoto Animation ya mwaka 2016. Inamhusu Shoko, msichana kiziwi aliyeonewa darasani, na Shoya, mvulana aliyeongoza uonevu huo. Miaka inapita, Shoya anajifunza lugha ya alama, anakwenda kumtafuta.

Haikupita muda mpwa wangu akanigusa bega. "Mjomba, mikono yao inasema kweli."

Alama za Kijapani si zetu, kwa hiyo hakuelewa walichokuwa wakisema. Lakini alitambua papo hapo kwamba hii si mikono ya kupungapunga hewani, kama anavyowaona waigizaji wa tamthilia wakijifanya viziwi. Vidole vinakunjwa panapostahili na uso unaufuata mkono. Kuna watu walikaa mezani wakaichora mikono hiyo, mchoro kwa mchoro. Naangalia anime, yaani katuni za Kijapani, tangu 2009, na nikiulizwa kwa nini nimekomaa nayo muda wote huu, siku hizi najibu kwa kisa hiki.

Aliyeiongoza ni Naoko Yamada, na ana tabia ambayo mpwa wangu aliiona kabla sijamwambia: anapenda kuonyesha miguu. Mhusika akishikwa na aibu, picha inauacha uso na kushuka chini ya magoti, unaona nyayo zinaelekeana, zinasita, zinageuka. Mtoto anayewasoma watu kwa macho kila siku hahitaji kuelekezwa hapo. Kisha kuna pale Shoko anapoacha alama na kujaribu kumweleza Shoya yaliyo moyoni kwa sauti yake mwenyewe. Anasema suki, nakupenda. Matamshi hayako wazi, Shoya anasikia tsuki, mwezi, anatazama angani na kukubali kwamba kweli, mwezi ni mzuri. Nilisimamisha filamu nimweleze maneno hayo mawili yalivyokaribiana, maana maandishi ya Kiingereza chini ya kioo hayakuweza kuyabeba. Alitulia kidogo, kisha akaniambia kwamba na yeye aliacha kutumia sauti yake mbele za watu, kwa sababu kama hiyo. Mama yake hajui. Hata mimi sikujua hadi usiku ule.

(Filamu ina tukio la kujaribu kujiua. Nilishaiona mara mbili kabla, nikajua wakati wa kusogea karibu naye. Usimwache mtoto aiangalie peke yake.)

Watu wengi husifu anime kwa mapigano na rangi. Mimi ya kwanza ningeitaja hii: haiogopi kutulia. Waya za umeme na anga ya jioni. Nyenje wanalia na hakuna mtu anayeongea. Chai inapoa mezani. Tamthilia nyingi nilizokulia hujaza kila sekunde kwa maneno, na yakiisha maneno huwekwa muziki.

Utulivu huo ulianzia kwenye uhaba. Tarehe 1 Januari 1963 televisheni ya Fuji ilianza kuonyesha Tetsuwan Atom ya Osamu Tezuka, kipindi cha nusu saa kila wiki. Filamu hupita picha 24 kwa sekunde moja. Tezuka na wenzake hawakuwa na fedha wala muda wa kuchora nyingi kiasi hicho, kwa hiyo mchoro mmoja ulishika nafasi ya picha tatu na zaidi, mdomo ukatikisika peke yake kwenye uso uliosimama, michoro ya wiki iliyopita ikarudishwa kazini. Na hata hivyo alikiuza kipindi kwa bei iliyo chini ya gharama, akategemea bidhaa zenye sura ya Atom kuziba pengo. Wachoraji waliofuata walirithi ufinyu huo, wakajifunza kuifanya picha iliyotulia iseme. Baadaye Hayao Miyazaki, ambaye studio yake ya Ghibli ilikuwa na uwezo wa kuchora kwa wingi, aliuendeleza utulivu kwa hiari. Wajapani wana neno lake, ma, na yeye amewahi kulieleza kwa kupiga makofi: ule muda kati ya kofi na kofi ndio ma.

Sasa nije kwenye maudhi, kwa sababu yametoka kwenye chungu hichohicho.

Naruto, hadithi ndefu ya kijana ninja, nilianza kuiangalia kwa CD za kuchoma, kila diski vipindi vichache. Ile ya kwanza ina vipindi 220, ilionyeshwa kati ya 2002 na 2007. Pambano la Naruto na rafiki yake Sasuke kwenye Bonde la Mwisho, ambalo hadi leo likinijia akilini natulia, linamalizika kwenye vipindi vya 134 na 135. Kufikia hapo anime ilikuwa inaikaribia mno manga ya Masashi Kishimoto, yaani vitabu vya katuni ilikotolewa, na badala ya kusimama ikasubiri, iliendelea kila wiki kwa visa vya kujitungia. Zaidi ya vipindi 80! Mashabiki tunaviita fila. Nilikuwa mwanafunzi, kila diski niliinunua kwa hela ya chakula cha mchana, na kila diski nilisema sasa hadithi itarudi. Haikurudi hadi Shippuden, mfululizo wa pili wa Naruto. Nayo Shippuden, yenye vipindi 500, ikarudia mchezo uleule katikati ya vita, wakati watu tumeshika roho mkononi.

One Piece ina njia nyingine ya kukuchelewesha. Iko hewani tangu Oktoba 1999. Huko fila si nyingi, ila sura moja fupi ya manga hunyooshwa ikajaa kipindi kizima: wahusika wanatazamana, jasho linatiririka, umati unashangaa, tunaoneshwa tena kilichotokea dakika tano zilizopita. Naipenda hadithi hii ya mchoraji Oda kwa moyo wote. Ila nimeihamishia kwenye manga, na nashauri hivyohivyo.

Sikasirikii picha iliyosimama. Nakasirika inaposimama kwa sababu wiki imefika na hakuna cha kuonyesha. Msichana aliyekaa kimya dirishani na umati ulioachama midomo kwa nusu dakika vyote vinaokoa michoro, lakini kimoja mwongozaji alikichagua.

Anayeniuliza aanzie wapi namwambia Fullmetal Alchemist: Brotherhood, ya mwaka 2009 hadi 2010, vipindi 64. Ilimalizika karibu pamoja na manga ya Hiromu Arakawa, kwa hiyo hakuna kisa cha kupoteza muda. Watoto wawili wanajaribu kumfufua mama yao na wanalipa kwa miili yao wenyewe. Ukidhani hiyo ndiyo hadithi, unakutana na Ishval, taifa lililofyekwa na jeshi la serikali, na unagundua kwamba Mustang na Hawkeye, wanajeshi uliokwisha kuwapenda, walikuwemo katika ufyekaji huo. Hawasamehewi kirahisi. Wenyewe hawajisamehe, na mtu wa Ishval aliyebaki na kisasi chake anapewa nafasi ya kusikilizwa hadi mwisho. Sijaona tamthilia ya watu wazima iliyobeba jambo hilo kwa uzito kama huu.

Tatizo jingine ni hadithi zinazokatwa. Anime nyingi za siku hizi hupewa vipindi 12 au 13, na aghalabu fedha hutolewa na kamati ya makampuni kadhaa, mchapishaji wa manga akiwemo. Yeye akishaona vitabu vinatoka dukani, haja yake imetimia. Wewe unaachwa mlangoni.

Halafu wasichana. Hapa sina subira. Hadithi inakwenda vizuri, ina akili, ina huruma, mara picha inaingia chini ya sketi ya mwanafunzi wa sekondari. Au analetwa mhusika mwenye mwili wa mtoto wa miaka kumi, tunaambiwa ni jini wa miaka mia tano, basi kila kitu ruksa. Nimekaa na mpwa wangu sebuleni na nimelazimika kufunga kompyuta. Nimeacha anime kadhaa kwa sababu hii na sizirudii, hata zikisifiwa vipi. Wanaosema ni utamaduni wao na tuzoee wanasahau kwamba Arakawa na Yamada ni Wajapani pia, na kazi zao hazikuhitaji hayo.

Na sisi weusi? Bwana Popo, mhusika wa anime ya Dragon Ball, mweusi tii mwenye midomo mikubwa myekundu, mtumishi wa mtu mwingine, aliniumiza siku nilipokua nikamtazama tena. Jynx, kiumbe wa Pokémon, alibadilishwa rangi kutoka nyeusi kuwa zambarau baada ya malalamiko, maana yake inawezekana kusikia na kurekebisha.

Linalonikaa zaidi ni wachoraji. Wale wanaochora michoro ya katikati, inayounganisha mwendo mmoja na mwingine, wengi wamelipwa kwa idadi ya michoro, na kwa miaka mingi mchoro mmoja umekuwa takribani yen 200. Vijana wanaingia kwenye kazi hii kwa mapenzi na wanatoka wameisha. Kyoto Animation ilisifika kwa kwenda kinyume: iliajiri wachoraji kwa mshahara na kuwafundisha yenyewe. Tarehe 18 Julai 2019 mtu aliichoma moto studio hiyo na watu 36 wakafa. Miongoni mwao alikuwa Futoshi Nishiya, aliyesanifu wahusika wa filamu ileile tuliyoiangalia gizani. Usiku ule sikusema. Nilimwambia mpwa wangu asubuhi, umeme ukiwa umerudi. Akaifungua tena filamu, akasogeza hadi kwenye tukio la kwanza la alama, akaiangalia mikono mara tatu.

Tafsiri ndiyo lalamiko langu la mwisho. Nalipia huduma halali ya kuangalia mtandaoni, kila mwezi, na kwenye orodha yake ya lugha nakuta Kiarabu, Kireno, Kihispania. Kiswahili hakuna. Mpwa wangu anasoma Kiswahili vizuri sana na Kiingereza kidogo. Usiku ule kila sentensi ilipita kwangu: nasoma Kiingereza, nasimamisha, nampa kwa alama, naendelea. Filamu ya saa mbili na dakika kumi ilituchukua saa nne. Bila yeye kuvumilia, na bila chaji kuvumilia, tusingefika mwisho.

Anakuja tena Juni. Ameomba ile ya Miyazaki ya mwaka 2001, ya Chihiro anayepotelea kwenye nyumba ya mabafu ya mizimu, kwa hiyo nimenunua daftari la kurasa mia na natafsiri maongezi kwa mkono, dakika kwenye pambizo la kushoto, Kiswahili kulia, ili asome mwenyewe nami nikae tu pembeni yake. Wiki hii nimefika pale Chihiro na yule asiye na uso wanapopanda treni inayokwenda juu ya maji. Wakishaketi, hakuna anayeongea. Vituo vinapita, abiria wenye miili ya kivuli wanashuka, jua linazama. Nimeandika dakika kwenye pambizo, upande wa kulia nimeuacha mweupe.