Betamax au VHS kwa mkusanyaji wa filamu za zamani za watu wazima

Baadhi ya filamu za watu wazima zilizotoka Marekani miaka ya 1970 na 1980 hazikuwahi kufika kwenye DVD. Zimebaki kwenye mikanda ya video tu, ya aina mbili: Betamax na VHS. Betamax ya Sony, ya mwaka 1975, ina kaseti ndogo na picha safi kidogo, lakini mwanzoni ilirekodi saa 1 tu. VHS ilikuja 1976 na saa 2, filamu nzima ikatosha kwenye kaseti moja. Deki za Betamax ziliachwa kutengenezwa 2002, za VHS 2016, kwa hiyo fundi wa VHS bado hupatikana. Mimi naanzia VHS. Ila filamu ikiwa ipo kwenye Betamax pekee, inunue leo na uihamishie kwenye kompyuta kabla ukungu haujaula mkanda.