Saa ya mazoezi, njia ya Lamu hadi Shela

Saa hii ya kupima mwendo niliinunua Mombasa kwa shilingi 3,500, na huivaa tukitoka mimi na wifi yangu baada ya swala ya alfajiri, kwenda Shela kwa miguu. Akina mama wa mtaani wananiuliza kama inafaa. Inafaa, ila si kwa kazi ile wauzaji wanayoisifia zaidi, ya kukuamulia kasi.

Kutoka gatini, kupitia Langoni mpaka hospitali ya King Fahd, chini ni pagumu na saa inasema kweli. Hutetema hatua zikishuka chini ya 100 kwa dakika, kiwango kinachotumika sana kwa mwendo wa wastani wa mtu mzima. Nimezihesabu mwenyewe, zikalingana na zake. Kipande hicho ndicho chenye mazungumzo: harusi ya nani, samaki wamepanda bei, mtoto wa fulani kapata kazi. Sentensi zinatoka nzima.

Mambo hubadilika mbele, tukiingia mchangani. Maji yakipwa, tunapita kwenye mchanga uliolowa, ambao umeshikana na mguu hauzami. Yakijaa, na hasa siku za bamvua, tunasukumwa juu kwenye mchanga mkavu. Kutembea kwenye mchanga laini kwa kasi ileile hula nguvu mara mbili na zaidi, na saa hilo hailijui. Inaona hatua zimepungua, inatetema, inataka tuongeze! Wifi yangu wakati huo ameshaanza kuhema.

“Wifi, wanikimbiza,” huniambia, na hata hayo huyatoa kwa vipande.

Basi tunapunguza, saa itetemeke itakavyo. Kipimo tunachokifuata ni mdomo: mtu aweze kuzungumza sentensi nzima, lakini asiweze kuimba. Sisi twatumia kasida. Ukiweza kuvuta ubeti mzima bila kutafuta pumzi, umelegea, kaza mwendo. Ukishindwa kumjibu mwenzio salamu yake ikakamilika, umezidisha. Katikati ya hapo ndipo penye zoezi, na ndipo watu wawili wanapoweza kwenda pamoja bila mmoja kuburutwa. Nalipenda sana hili, kwa sababu wengi walioacha kutembea niliwaona wakiacha kwa kuchoka kufukuzana.

Mapigo ya moyo saa huyasoma kwa taa ya kijani iliyo chini yake, kisha huyalinganisha na hesabu ya 220 ukitoa umri wako, ambayo ni makadirio ya mapigo ya juu kabisa ya mtu. Kwangu mimi yakaribiana na ninavyojisikia. Kwa anayetumia atenolol au dawa nyingine za presha za jamii hiyo, usiitegemee namba ile, maana dawa zenyewe hupunguza mapigo. Moyo utaonekana umetulia na mtu amechoka. Huyo mdomo utamfaa zaidi, na daktari wake aulizwe.

Jambo jingine ni mkono. Saa huhesabu kwa kuutazama mkono ukiyumba, kwa hiyo tukirudi nimeshika kikapu cha samaki, hatua nyingi hupotea. Nikikihamishia mkono wa pili, hesabu hurudi.

Chaji inakaa karibu wiki, kioo kinasomeka juani, na jasho na maji ya chumvi bado hayajaiharibu. Mkanda wa mpira huwasha ukifungwa kwa nguvu chini ya mkono wa baibui, ulegeze kidogo.

Kazi ambayo saa hii huifanya vizuri kuliko mimi ni kujumlisha muda. Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki, na kwenda Shela pekee hutuchukua kama dakika 45. Jioni ya Alhamisi naitazama, najua kama Ijumaa tupumzike au twende. Mtetemo wa kasi nimeuzima kabisa.

Kwa bei hiyo nawashauri muinunue, hasa mnaotembea wawili wawili. Anayetembea kwenye saruji peke yake auache mtetemo wazi, utamsaidia. Na kabla hujalipa, uliza kama mkanda wa kubadilisha unapatikana, kwa sababu hapa Lamu bado sijauona.