Uzoefu wangu: mkanda wa mgongo nilionunua Kariakoo na mazoezi ya fizio, kipi kimenisaidia

Jamani mi ni fundi cherehani niko Temeke, nashona zaidi sare za shule. Juzi kuna dada kaja kuchukua gauni lake akaniambia kaambiwa diski za mgongo, yaani vile vimito vya kati ya mifupa ya uti wa mgongo, zimeisha na akitoka kwangu anapitiliza Kariakoo kununua mkanda, nikamwambia kaa kwanza kwenye stuli nikusimulie, na nilivyomsimulia ndo naandika hapa maana najua hayuko peke yake.

Mwaka jana Januari, kile kipindi wazazi wote wanataka sare siku moja, nilikuwa nakaa kwenye mashine toka saa mbili asubuhi mpaka saa tatu usiku, na kabla ya hapo saa kumi na moja alfajiri nishaamka nateka maji. Siku hiyo nainua ndoo ya lita 20 kiuno kikakaza ghafla, nikabaki nimeinama vilevile, sijiwezi kunyooka wala kukaa. Mguuni sikuwa na ganzi, ni kiuno na upande wa tako la kulia basi. Nikanywa diklofenaki ya maumivu, nikachomwa na sindano, yanapoa yanarudi. Mama mkwe akaja na mafuta ya nazi akanichua jioni tatu mfululizo, Mungu ambariki, nilikuwa napata usingizi lakini asubuhi nikianza kukanyaga cherehani hali ni ileile.

Nikaenda hospitali moja ya binafsi wakanipiga MRI, ile picha ya ndani ya mgongo, laki tatu na nusu, hela yangu ya mchezo yote ikaishia pale. Aliyenisomea majibu hata mgongo hakuugusa, kaangalia karatasi akasema diski mbili za chini zimechakaa, L4-L5 na L5-S1, una mgongo wa bibi wa miaka 70, usiinue tena kitu kizito. Nina miaka 41 na watoto watatu wanasoma kwa hiyo cherehani. Nilitoka nikakaa kwenye ngazi za pale nje nikalia, kwa kweli ile sentensi iliniumiza kuliko kiuno.

Sasa mkanda. Nilinunua elfu 45, ni ule mweusi mpana wenye vyuma vinne mgongoni na unafungwa kwa ile kitambaa ya kunata mbele. Siku za kwanza niliupenda sitaki kusema uongo, ukiukaza unajisikia umeshikiliwa, nikawa navaa toka asubuhi mpaka nalala. Lakini kwa joto la Dar mwezi wa pili ni mateso, jasho linajaa ndani, nikatoka vipele kiunoni mstari mzima, vyuma viwili vikatoboa kitambaa vikawa vinanichoma nikiinama kuangalia sindano. Baada ya miezi miwili ule wa kunata haushiki tena. Ila kibaya zaidi nikawa naogopa kuuvua, nikiuvua hata kuokota uzi uliodondoka naita mtoto. Na wakati huohuo nalala chini kwenye mkeka kwa sababu kila mtu anasema kigumu ndo dawa, naamka nimekakamaa sijiwezi.

Mteja wangu mmoja ndo alinielekeza fiziotherapia, elfu 25 kila ukienda, nimeenda mara nane. Siku ya kwanza yule kijana wa fizio alinisikiliza karibu saa zima, akanipima miguu nguvu, akanigonga magoti na kile kinyundo, akaniuliza kama nina ganzi sehemu za siri, kama mkojo unatoka vizuri, kama nina homa za usiku au nimekonda, kama nilishawahi kuugua kansa au TB. Akasema hayo yakiwepo hatukai hapa kufanya mazoezi, unakimbizwa hospitali siku hiyohiyo. Yangu yote yalikuwa hapana, akasema mama hii ni maumivu ya kiuno ya kimekanika, yaani yanakuja na mkao na mwendo.

Halafu akanionyesha kwenye simu yake jedwali la utafiti wa mwaka 2015, walikusanya tafiti 33 za watu ambao mgongo HAUWAUMI kabisa wakaangalia picha zao, wenye miaka 40 asilimia 68 diski zimechakaa, wenye miaka 80 asilimia 96. Hawaumwi hao! Nilimwambia arudie kusoma. Kumbe hiyo ya kwenye picha yangu ni kama mvi, wengi wa umri wangu wanayo, na hakuna aliyeniambia wakati nalipa laki tatu na nusu. Akanieleza diski ya mtu mzima karibu yote haina mishipa ya damu, chakula chake kinapenya kutoka kwenye mifupa ya jirani, na ukijongea ndo maji yanaingia na kutoka. Na usiku ukilala inavuta maji inavimba, ndo maana alfajiri mgongo umekaza, kwa hiyo mtu anayetoka kitandani moja kwa moja kuinama na ndoo anaubebesha wakati mbaya kuliko wote. Hapo nikajiona mimi mwenyewe saa kumi na moja.

Kuhusu mkanda hakuniambia nitupe siku hiyohiyo, alisema upunguze, na kwamba mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023 kwa maumivu sugu ya kiuno haushauri mikanda. Mkeka pia akanitoa, godoro la ugumu wa kawaida linatosha.

Mazoezi yenyewe ni ya sakafuni tu kwenye khanga: kulala chali magoti umekunja unainua kiuno, kupiga magoti na mikono chini unanyoosha mkono huu na mguu ule, kulala kifudifudi ukijiinua kwa viwiko. Wiki ya kwanza niliumwa ZAIDI, nusura niache, hilo mjiandae. Akataka picha nikiwa kazini, mwanangu akanipiga, nilivyoiona nilishtuka, pua inakaribia kugusa kitambaa. Stuli ilikuwa fupi na taa iko nyuma yangu, tukainua stuli kwa mbao mbili, taa nikaleta mbele, na kila nusu saa simu inalia nasimama. Mara ya nne akaleta ndoo pale pale ofisini kwake, lita 5, inua mama, wiki inayofuata 10, halafu 15. Ile siku ya 15 mikono ilikuwa inatetemeka kwa woga, uzito wenyewe niliuweza.

Lawama yangu kwao ni foleni, umepewa saa nne unaingia saa sita, na laki mbili kwa asiye na bima si mchezo, ningeomba wawape watu mazoezi kwenye karatasi toka siku ya kwanza.

Sa hivi ni miezi mitatu sijagusa diklofenaki. Kuna siku kinauma, hasa nikishona suti ya haraka, nafanya mazoezi kinaachia. Maji nateka saa mbili, nikishatembea kidogo, ndoo zimejaa lita 20 zote. Oda za sare zimeshaanza kuingia na mwaka huu nimechukua kijana wa kukata vitambaa, mi nabaki na kushona.